Donge la Mungu

Nyamazeni niwape hadithi. Mkiitikia kwa uvivu, naondoka nayo!

Hapo kale palikuwa na mjane wa Kiyahudi, jina lake Mikali. Kila Ijumaa alikanda mikate ya Sabato kwa ajili ya wanawe. Kabla ya kuoka alikata donge dogo la unga, akalibariki na kulitupa motoni, maana kwa desturi yao donge hilo ni la Mungu, haliliwi na mtu.

Mwaka wa njaa likaja zimwi. Ijumaa ya kwanza likala mikate yote. Mikali akasema, "Mungu, umeona. Nilipizie." Ijumaa ya pili likala tena, likacheka: "Mungu wako kipofu!"

Jirani akamwambia, "Usikande tena, dada."

"Nitakanda. Mungu yupo, na hasira yangu anaijua."

Ijumaa ya tatu zimwi likamaliza mikate, likaliona donge motoni. "Na hilo nipe!"

"Hilo si langu. Ni la Mungu."

"Basi chakula chake nakila mimi!" Likalichomoa, likameza.

Donge likaumuka tumboni. Zimwi likavimba kama pipa, kama kibanda, kama kilima. "Mama, niombee!"

Mikali akakung'uta unga mikononi. "Ijumaa tatu nimemwomba anilipizie. Leo ameitika, halafu nimwambie aache?"

Zimwi likapasuka, pwaa! Mikate yote ikamwagika, mizima, ya moto. Mikali akawasha mishumaa ya Sabato, akawaita wanawe waje kula.

Hadithi naitua hapa. Mwenye tumbo la zimwi na alishike.