Machela ya Mfalme wa Tungamo

Machela ya mfalme hayana miguu. Mmeisikia methali hiyo leo kwa wafanyakazi waliogoma pale kiwandani, mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni, na anayetaka kupiga soga atoke nje. Chanzo chake ni hiki.

Katika nchi ya Tungamo mashamba yote yalikuwa ya mfalme. Mkulima alilima, mfalme akala. Watu walipochoka waliingia msituni, wakajiita Jeshi la Wavujajasho, wakaapa kwamba ardhi itakuwa ya wanaoilima na kiti cha enzi kitapasuliwa kuni. Miongoni mwao alikuwa Nyamizi, mke wa Sengondo. Sengondo mwenyewe hakwenda. Alikuwa kiongozi wa wapagazi wanane waliobeba machela ya mfalme, na kila mkewe alipomsihi aache kumbeba mtu mzima mwenye afya yake, alijibu kwamba kazi ni kazi. Uoga tu, hakuna jina jingine.

Nyamizi akakamatwa. Sheria ya Tungamo ilitaka mfalme ashuhudie kwa macho yake kila mtu anayenyongwa, na mila haikumruhusu kutembea nje ya jumba lake. Basi asubuhi moja Sengondo akaamriwa ambebe mfalme mpaka Ngome ya Kilindo, mkewe akanyongwe. Hebu fikirini! Begani amembeba anayekwenda kumuua mkewe, na kwa desturi ya wapagazi ni yeye aliyepaswa kuimba ili wenzake wapate mwendo.

Aliimba mpaka katikati ya mlima. Hapo sauti ikamkatika, akalia waziwazi, akijichukia kwa kila hatua aliyopiga. Kisha akawaambia wenzake watue. Wakatua.

Akida Lubasha, mkuu wa askari wanane wa msafara, akamwekea bastola kisogoni.

"Nyanyua, mbwa wewe."

"Sinyanyui," Sengondo akasema.

"Nitakupiga risasi."

"Nipige. Halafu umpige huyu, na yule. Ukitumaliza wote wanane, Akida, mfalme wako atafikaje?"

Mfalme, ambaye hajapata kubishiwa na mpagazi, akafoka kwamba askari wabebe wao. Bunduki na mti wa machela havikai bega moja, kwa hiyo askari waliziegemeza bunduki zao mwambani, wakainama kubeba. Hata mmoja hakugeuka kuwatazama wapagazi. Maisha yao yote waliwahesabu kama punda, na nani amewahi kuogopa kwamba punda atamchukulia bunduki?

Walipoinuka, miti imewakaa begani, mitutu minane ilikuwa inawatazama. Akida naye akaitazama bastola yake, akaitazama ile mitutu, akaiweka bastola chini taratibu.

"Twendeni ngomeni," Sengondo akasema. "Mfalme anasubiriwa."

Safari hii aliimba wimbo wa msituni aliofundishwa na mkewe, na askari wakaitikia, wapende wasipende. Walinzi wa ngome walipoona mfalme amezungukwa na mitutu, walifungua lango. Sengondo akamtaka mfalme atoe amri kwa kinywa chake mwenyewe, naye akaitoa: wafungwa wote saba wakaachiwa. Askari waliombeba wakamtua palepale uani, wakakaa chini wakihema, wakakataa kumnyanyua tena.

Mfalme akauliza ni nani atakayemrudisha nyumbani.

Nyamizi alikuwa ametoka, alama za kamba bado ziko mikononi. Alimtazama mumewe kwanza, kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mfalme. Hakupiga goti.

"Ndugu," alimwambia mbele ya watu wote, "miguu yote uliyosafiria ilikuwa yetu, na leo tunaondoka nayo. Machela ya mfalme hayana miguu."