Ndama wa Bibi Tulalumba na Mpira Usioonekana

YAH: UTAMBUZI WA MTUMISHI MMOJA (1) MNUFAIKA WA ZAWADI HAI (NDAMA JIKE, MWEUSI, DOA JEUPE PAJANI) ILIYOTOLEWA NA MWANANCHI

Hicho ndicho kichwa cha barua iliyotua juu ya meza ya Ezron Mwakatumbula, Afisa Utumishi wa taasisi moja ya chanjo za mifugo, Jumatatu asubuhi kabla hajamaliza chai yake. Aliisoma mara mbili. Katika miaka kumi na tisa ya utumishi alishapokea barua kuhusu viti vilivyopotea, kuhusu namna ya kukalia viti vilivyopatikana, hata kuhusu rangi ya mapazia ya ukumbi wa mikutano. Ya ndama ilikuwa ya kwanza.

Sogeeni basi, wakubwa kwa wadogo. Kila mmoja aje na maoni yake na asiyatumie yote njiani, maana mwishoni yatahitajika.

Barua ilikuja na fomu, na fomu ilikuwa na nafasi moja ya jina. Chini yake, kwa herufi ndogo, iliandikwa: *Zawadi ambayo mnufaika wake hatatambuliwa ifikapo Ijumaa saa tatu kamili asubuhi irejeshwe kwa mtoaji.*

"Irejeshwe," Ezron alisoma kwa sauti, akaona neno lenyewe halina ubaya wowote. Alikuwa bado hajazungumza na mtoaji.

Mtoaji alikuwa kwenye benchi nje ya mlango wake. Bibi Tulalumba alitoka Lusungwe, kule bondeni kwenye joto na kupe, akiwa amemswaga ndama wake siku mbili. Ndama mwenyewe alifungwa kwenye nguzo ya bendera, anakula maua ya Mkurugenzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Umeshamwandika aliyeokoa ng'ombe wangu?"

"Bado, bibi. Kuna utaratibu. Hii chanjo iliyowaokoa ilitengenezwa na watu watatu. Kwa nini usiseme tu wagawane?"

"Wagawane nini, mkia?" Bibi alimtazama kama mtu anayetazama mtoto wa mwenzake. "Kwetu ng'ombe aliye hai anapewa mtu mmoja. Akimpokea, huyo ni ndugu yangu. Nikiugua, anaitwa. Nikifa, anakuja kushika jembe la kuchimba kaburi. Mume wangu alitangulia, wanangu wawili wakamfuata. Sina wa kuitwa. Sasa nikiita watu watatu, kila mmoja atadhani mwenzake ameshakwenda."

Hayo yalikuwa maelezo bora kuhusu kamati kuliko yote ambayo Ezron aliwahi kuyasikia.

"Na akirudishwa?" aliuliza.

"Akirudishwa nimekataliwa. Ng'ombe aliyekataliwa hatolewi tena, si kwenu, si kwa mwingine. Nitakaa hivihivi."

"Basi chagua mwenyewe, bibi. Taja jina lolote."

"Mimi najua kilichofika mkononi mwangu. Kilifika kichupa. Nani alifanya nini humo ndani, mimi nitajuaje? Nyinyi huku mnaandika kila kitu. Hilo nalo mtakuwa mmeliandika."

Hawakuwa wameliandika. Ezron alirudi mezani akiwa na tatizo ambalo hakulizoea: kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, fomu na mila zilikubaliana, zote mbili zilitaka jina moja, na jina hilo halikuwapo.

Tuseme sasa habari za hao watatu.

Wa kwanza ni Atupele Kibona, mwenye kipaji cha kuchora visivyoonekana. Alichora kwenye kompyuta kipande kidogo cha protini, chenye kingo zilizokatwa kwa namna ambayo vipande sitini vikikutana hushikana vyenyewe, bila mtu kuvielekeza, vikawa mpira wenye uwazi ndani. Katika upana wa unywele mmoja tu, ingejipanga mipira hiyo zaidi ya elfu mbili. Na kwa nini mpira? Kwa sababu dawa ikidungwa peke yake hupita mwilini kama mgeni aliyepita mapokezi bila kusaini kitabu. Hakuna aliyemwona na hakuna atakayemkumbuka. Mpira uliojaa vipande vilevile pande zote, mwili unauona, unashtuka, unaweka kumbukumbu. Atupele aliacha ndoano ndogo kwenye kila kipande kati ya sitini. "Mimi nimejenga gari," alisema. "Abiria tafuteni nyinyi."

Abiria aliletwa na wa pili, Hafidh Shaame, Mpemba mwenye kipaji cha subira. Kidudu cha ndigana kali, kile kinachoingia na mate ya kupe na kuvimbisha ndama tezi mpaka anakosa pumzi, kina koti la protini. Hafidh alilichana koti hilo vipande vipande akitafuta kile ambacho mwili ukikijua hautamsahau mwenye koti. Vipande kumi na kimoja vilimkatalia. Vilijikunja ovyo kama shuka lililokunjwa na mlevi. Cha kumi na mbili kilikaa sawa, naye akakitundika kwenye ndoano za Atupele, sitini kwa sitini. Wakati anahangaika na kile cha tisa alipigiwa simu kwamba mama yake amefariki Wete. Alifika kaburi limeshafunikwa. Hilo halimo kwenye ripoti.

Wa tatu ni Nyamizi Lubango, na kipaji chake ni kutoamini kinachofanya kazi mezani. Mipira yenye vipande vyake ilikaa vizuri sana kwenye jokofu la maabara. Aliipakia kwenye gari, akaenda nayo Lusungwe, ambako umeme huishia kilomita thelathini kabla ya kijiji, na kule ikafika imekuwa uji. Wenzake walimwambia asubiri serikali ivute nyaya. Nyamizi akakumbuka michembe ya kwao Usukumani, viazi vinavyokatwa na kukaushwa vikakaa mwaka mzima vikingoja maji tu. Akaanza kuikausha mipira pamoja na sukari, sukari hii, sukari ile, kwa miezi kumi na minne, mpaka akapata unga mweupe ambao ukiuacha juani wiki tatu, kisha ukautia maji yaliyochemshwa na kupoa, mipira inaamka mizima. Yeye ndiye aliyewadunga ndama arobaini wa Lusungwe. Kupe walikuja na mvua kama kawaida yao. Ndama thelathini na wanane walibaki wamesimama. Bibi Tulalumba, ambaye msimu uliopita alizika ndama tisa, safari hii hakuzika hata mmoja.

Jumatatu mchana Ezron aliwaita watatu hao akidhani mambo yataisha upesi. Yaliisha upesi kweli.

"Mpe Hafidh," alisema Atupele. "Mimi nakaa ghorofa ya tatu. Ndama atapanda ngazi?"

"Mpeni Nyamizi," alisema Hafidh. "Wasukuma na ng'ombe ni kitu kimoja."

"Ndiyo maana sitaki mwingine," alisema Nyamizi. "Mpeni Mpemba, akamfunge kwenye mkarafuu."

"Mkarafuu una kivuli, dada. Nyinyi kwenu kuna kivuli? Mnakaa chini ya ng'ombe."

Walicheka, wakaondoka. Kila mmoja alikuwa amekataa kwa adabu, na fomu haikuwa na nafasi ya adabu.

Jumanne Ezron aliamua kutumia akili. Alichukua karatasi na kumwondoa mtu mmoja mmoja, kama anavyofanya kwenye orodha ya likizo. Ukimwondoa Atupele, hakuna mpira. Kipande kinapotea mwilini na unga ni sukari tupu. Basi ni Atupele! Alishika kalamu. Lakini ukimwondoa Hafidh, mpira ni mtupu, na mwili utajifunza kwa bidii kuuchukia mpira usio na hatia. Basi ni Hafidh. Lakini ukimwondoa Nyamizi, vyote viwili vinabaki kwenye jokofu, vizuri kabisa, na ndama wanakufa. Alijumlisha tena akapata jibu lilelile, yaani hakupata jibu. Akajaribu kwa alfabeti, akaona aibu. Akajaribu kwa tarehe ya kuajiriwa: wote watatu waliripoti siku moja, na yeye ndiye aliyewapokea.

Jumatano kikaitwa kikao. Muhtasari wake upo na unasomeka hivi: *Wajumbe walimtembelea ndama na kujionea hali halisi. Wajumbe walishauri suala liangaliwe kwa mapana yake.* Mkurugenzi akaongeza kwa mdomo kwamba suala liangaliwe haraka pia, kwa sababu mawaridi yamekwisha.

Alhamisi, kwa kuchoka tu, Ezron aliwaeleza wale watatu jambo ambalo alipaswa kuwaeleza tangu Jumatatu: kwamba anayempokea ndama anampokea na bibi.

Safari hii hakuna aliyetaja mkarafuu.

"Kumbe," alisema Hafidh. Kisha akasema polepole, "Basi niandike mimi, Bwana Ezron. Mimi mama yangu sikumzika."

"Pole, kaka, lakini hapana," alisema Atupele. "Wewe ulikuwa naye. Mimi nimelelewa kituo cha yatima. Kila fomu niliyojaza tangu darasa la kwanza, sehemu ya ndugu wa karibu nimeandika jina la mlezi wa zamu. Mpaka leo hujui, Ezron? Faili langu unalo."

Ezron alikuwa nalo. Alikuwa amedhani jina linalobadilika kila fomu ni mwandiko mbaya.

"Na mimi je?" Nyamizi alisimama. "Nyinyi mmemwona kwenye benchi. Mimi nimelala kwake siku kumi na moja, nimekula kwake, nimemshikia taa akikamua. Alinifundisha kumtuliza ndama kwa kumkuna chini ya shingo. Mnataka niwe nampigia hodi bibi yangu kama mgeni?"

"Bibi yako tangu lini? Jumatatu ulimtaka Mpemba!"

"Jumatatu alikuwa ng'ombe!"

"Bila kipande changu ungemkuna nani? Mzoga?"

"Na kipande chako kingefikaje? Kwa barua pepe?"

"Bila mpira wangu," alianza Atupele, kisha akanyakua mkoba wake.

Walitoka kila mmoja kwa mlango wake, jambo lililohitaji juhudi, kwa sababu ofisi ya Ezron ina mlango mmoja tu na dirisha. Hafidh alipita dirishani.

Ezron alibaki na fomu. Alikuwa amezoea kugawa vitu kwa watu wanaovitaka na kuwanyima wanaovitaka zaidi, ndiyo kazi. Lakini pale kila jina alilolifikiria lilikuwa haki, na kila haki ilidhulumu watu wawili. Ukisema apewe aliyeanza, utamwambia nini aliyemaliza? Ukisema apewe aliyefika kwa bibi, je, waliomtuma ni nani? Ukisema apewe mwenye shida zaidi ya ndugu, basi hiyo si zawadi ya kazi tena, ni kitu kingine, na bibi alisema wazi: anamtaka aliyeokoa ng'ombe wake. Na akisema wote, amemnyima bibi. Bibi alishasema itakuwaje siku ya kuitwa.

Ijumaa saa tatu kasoro dakika tano wote walikuwepo. Bibi Tulalumba aliketi kwenye kiti cha wageni, kamba ya ndama mkononi, ndama mwenyewe kichwa ndani na mwili nje. Watatu walisimama ukutani bila kutazamana.

"Baba," alisema bibi, "mwandike tu. Yeyote utakayemwandika mimi nitampenda. Sina muda wa kuchagua zaidi."

"Bibi, si rahisi hivyo."

"Najua si rahisi. Ingekuwa rahisi ningefanya mwenyewe."

Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika mbili, kisha moja. Ezron aliweka kalamu juu ya nafasi ya jina. Aliwatazama mwenye mpira, mwenye kipande na mwenye unga.

Basi nanyi mliosikiliza mpaka hapa, mlioambiwa tangu mwanzo mje na maoni, yaleteni sasa. Kalamu ni moja, nafasi ni moja, na bibi ameketi anangoja. Ndama angekuwa wa Atupele, aliyetengeneza cha kubebea? Wa Hafidh, aliyetafuta cha kubebwa? Au wa Nyamizi, aliyehakikisha kinafika? Je, wewe ungemwandika nani, na wale wawili ungewaambia nini?

Ezron hakupata jina lisilodhulumu wawili: aliandika tarehe, akaweka sahihi, na nafasi ya jina akaiacha wazi. Saa tatu kamili zawadi ilirejeshwa kwa mtoaji, na Bibi Tulalumba akarudi Lusungwe na ndama wake, bila ndugu.