Mgomba wa Sumayiya

Kuuliza hakugharimu kitu. Swali halipimwi kwenye mizani wala halitozwi kodi, na hata fukara wa mwisho anaweza kulitoa bila kupungukiwa. Hata hivyo, wapo watu ambao ni heri waumwe na jino mwezi mzima kuliko kumuuliza mtu nyumba ya mganga wa meno iko wapi. Mzee Okidi wa Kasubi, mjini Kampala, alikuwa mmoja wao, na haya yaliyomfika yanawafaa wote wanaoona haya kufungua kinywa.

Okidi alikuwa sajini wa polisi kwa miaka thelathini na mmoja. Kwao ni Kitgum, kaskazini, nchi ya Waacholi, ya ulezi na ufuta, ambako mtu anaweza kukua hadi akaota ndevu bila kushika panga la kupogolea mgomba. Kazi ilimzungusha kambi hadi kambi, na katika mojawapo ya kambi hizo akamwoa Sumayiya, binti Mwislamu wa Kinubi. Wajomba wa Sumayiya walinuna kwa kuwa bwana harusi alikuwa Mkatoliki, lakini Sumayiya mwenyewe alikuwa ameshakata shauri. Hawakujaliwa mtoto. Okidi alipostaafu walinunua nyumba ya vyumba viwili, yenye jiko la nje na kiuga kidogo, na Sumayiya akapanda chipukizi la mgomba pale ambapo maji ya kuoshea vyombo yalimwagwa.

Mgomba ulikuwa umefika kifuani mwa mtu mzima pale maradhi ya moyo yalipomchukua Sumayiya, ghafla, asubuhi ya mwezi wa nne. Ndugu zake walimpeleka kwao Bombo wakamzika kabla ya jua kutua, kama dini yao inavyotaka. Okidi alirudi Kasubi peke yake. Alikaa juu ya kigoda cha jikoni, akautazama ule mgomba, akatambua kwamba katika nyumba nzima ndicho kitu pekee chenye uhai kilichopandwa kwa mkono wa mkewe.

Tangu siku hiyo akaanza kuishi na mgomba. Asubuhi alipiga viatu vyake rangi ingawa hakuwa na pa kwenda, kisha akachukua kitambaa chenye maji na kuyafuta vumbi majani aliyoweza kuyafikia. Aliusalimu kwa Kinubi chake kibovu, kwa sauti ya chini ili majirani wasimsikie. Mchana alipika ugali wa mtu mmoja na kila mara ukabaki. Kaka yake, Okeny, alimpigia simu kutoka Kitgum akimsihi arudi nyumbani, maana mtu mzima hakai mjini peke yake kama fungo. Okidi alimjibu kwamba siku mgomba wa Sumayiya utakapokufa, atafunga mizigo. Kabla ya hapo asisumbuliwe.

Upande wa pili wa ua wa michongoma aliishi mama mmoja wa Kiganda aliyezaa pacha, na kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Nnalongo. Kazi yake ilikuwa kumenya matooke, zile ndizi za kupika, kwa ajili ya mgahawa wake mdogo kando ya barabara. Kila alasiri aliketi juu ya jamvi, kisu mkononi, watoto wa mtaa wamemzunguka, naye akiwafundisha huku akimenya. Okidi naye alikuwa na tabia ya kukaa upande wake wa ua na gazeti. Alilishika vizuri sana, ila hakuligeuza ukurasa.

Kwa njia hiyo ya wizi alijifunza mengi. Alimsikia Nnalongo akiwaambia watoto kwamba mgomba si mti, bali ni majani yaliyokumbatiana, na ukiukata utaona tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Alisikia kwamba ndizi ya kawaida haina mbegu ya kupanda, na kwamba vidole vya mkungu huanza vikitazama chini kisha vikajikunja juu kulitafuta jua. Jani bichi, ukilipitisha motoni likalainika, hufunga chakula kisipoteze mvuke; mvua ikikukuta njiani, jani hilohilo ni mwavuli. Maganda ya ndizi ni chakula cha mbuzi, na yakichomwa, majivu yake hutoa magadi ambayo wazee walitengenezea sabuni. Magome makavu husokotwa kamba, hufumwa vikapu, na watoto huyafunga yakawa mpira. Hata maji yaliyomo shinani hayapotei bure, kwani mtu aliye shambani hukata kipande cha shina akakitumia kama sifongo, akanawa mikono.

Okidi alistaajabu. Alikuwa na mali yote hiyo nyuma ya jiko lake, na hakuwa na habari.

Alasiri moja Nnalongo alifika kwenye habari ya watoto wa mgomba. Aliwaeleza kwamba mama huchipuza watoto wengi pembeni mwake, na wakiachwa wote humnyonya hadi akazaa mkungu mwembamba usio na faida. Kwa hiyo mkulima mwenye akili huwapunguza kwa panga. Okidi aliinamisha kichwa kuelekea uani ili asikie vizuri zaidi, na hapo jicho lake likagongana na la Nnalongo kwenye upenyo wa michongoma. Mama yule alicheka kwa upole akamwita, "Afande, toka huko. Njoo ukae hapa na sisi."

Okidi aliona haya hadi masikio yakamwasha. Sajini mzima kukamatwa akidokoa masomo ya watoto! Alikunja gazeti, akasema ana kazi, akaingia ndani na kufunga mlango. Somo likaendelea bila yeye.

Kesho yake alilinoa panga. Mgomba wake ulikuwa na watoto watano, na aliwakata wote watano mpaka chini, kwa mpangilio wa gwaride, kutoka kushoto kwenda kulia. Kila mwezi alikagua upya na chochote kilichochungulia kutoka udongoni alikikata. Alijiona mlinzi mwema. Hakuna atakayemnyonya Sumayiya wake.

Na kweli mgomba ulinawiri. Baada ya mwaka na zaidi ulitoa ua lake kubwa la zambarau, likainama, likafunguka, na mkungu ukajaa chana kumi na moja. Okidi aliutegemeza kwa mti wenye panda ili usianguke. Ndizi zilipokomaa aliukata mkungu, akauweka sakafuni sebuleni, kisha akakaa kuutazama. Hakujua kuzimenya bila utomvu kumganda mikononi, wala kuzifunga katika majani, wala zinakaa motoni kwa muda gani. Alijaribu mara moja akala kitu kigumu chenye ladha ya moshi. Zilizobaki ziliiva zikawa nyeusi, naye akazifukia usiku ili asionekane akitupa chakula.

Kisha mgomba ukaanza kunyauka. Jani la kwanza lilikuwa la manjano, likafuata la pili. Okidi aliumwagia maji asubuhi na jioni. Aliutilia majivu, aliutilia samadi, alizidisha maji hadi kiuga kikawa tope. Wapi! Shina lilianza kulegea na kunuka, na majani yakaning'inia kama nguo zilizosahauliwa kambani. Okidi alikosa usingizi. Alihisi anafiwa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyekuja kumpa pole kwa kuwa hakuna aliyejua.

Kutoka mlango wake hadi kwa Nnalongo palikuwa na hatua arobaini. Kwa siku tisa alizianza na kuishia ya kumi. Mara alijiambia kwamba mama yule ana kazi nyingi. Mara alijiambia kwamba mtu wa umri wake haendi kuuliza mambo ambayo watoto wa darasa la pili wanayajua. Siku ya kumi Okeny alipiga simu kuuliza kama mgomba bado unaishi. Okidi alikata simu, akatoka, akazimaliza zile hatua zote.

"Nnalongo," alisema, akiwa amesimama wima kama mbele ya mkubwa wake, "mimi sijui hii mambo ya matooke. Ya Sumayiya inakufa. Nifundishe."

Nnalongo aliweka kisu chini, akajifuta mikono na kumfuata. Alizunguka mgomba mara mbili. Kisha akachuchumaa na kupapasa udongo pembeni mwa shina.

"Watoto yake iko wapi?"

"Nilikata. Ulisema wananyonya mama."

"Nilisema wapunguzwe, Afande. Unaacha mmoja mkubwa, na mwingine mdogo wa kumfuata. Mama anazaa mara moja tu, halafu anakufa. Hiyo si ugonjwa. Ndiyo kawaida yake." Alimtazama, sauti ikashuka. "Bambi, pole. Siku ile ulitoka mbele ya mimi kumaliza."

Okidi alikaa palepale topeni na suruali yake iliyopigwa pasi. Alikuwa ameulinda mgomba wa mkewe dhidi ya uhai wake wenyewe. Alitaka kulia, akalia, na Nnalongo akamwacha amalize.

Baadaye mama yule alifukua kwa vidole mpaka akafikia tunguu, lile shina nene lililojificha ardhini. Alimwonyesha kijicho kimoja kigumu, kidogo kama punje ya njegere. Alimweleza kwamba huenda kikaamka na huenda kisiamke, lakini maji yakome, kwa sababu yanaozesha, na shina lililokufa liondolewe ili tunguu lipate hewa na jua. Mwenye kulikata awe yeye mwenyewe.

Okidi aliinua panga na kulishusha mara tatu bila kugusa kitu. Mara ya nne alikata. Mgomba ulianguka taratibu, ukalala kiugani, na kwa mara ya kwanza aliona kwa macho yake zile tabaka zilizokumbatiana. Nnalongo alimwagiza alikatekate shina na kulitandaza kama matandazo, na magome makavu aliwabebea watoto. Okidi hakuuliza kama angeweza kubaki nayo kidogo, ingawa alitamani.

Siku zilizofuata alikwenda kwa Nnalongo kila alasiri, akapewa kisu. Alijifunza kumenya huku mikono imepakwa mafuta ili utomvu usigande. Alijifunza kutandika mabua ya majani ndani ya sufuria, kufunga, kufunika, kusubiri. Watoto walimcheka kwa maganda yake manene naye akavumilia. Usiku nyumba ilikuwa bado kimya, na kimya hicho hakikupungua. Lakini asubuhi alikuwa na swali la kubeba.

Juma la tano, jicho liliamka. Lilitokeza chipukizi jembamba, lenye ncha kama mkuki, urefu wa kidole. Okidi hakulishika. Alikwenda moja kwa moja kumwambia Nnalongo, na mama yule alifurahi, kisha akasema jambo ambalo Okidi hakulitarajia.

"Hata Sumayiya hakujua migomba, kama wewe. Alikulia kambini. Alikuja hapa kwa ua akaniuliza. Kila siku anauliza. Hiyo chipukizi alipanda, ni mimi nilimpa."

Miaka yote Okidi alidhani mkewe alizaliwa akijua, na hakuwahi kumuuliza alijifunzia wapi. Alimenya ndizi mbili polepole, kisha akauliza ni mambo gani mengine Sumayiya alikuwa akiyauliza pale uani.

Nnalongo alichukua ndizi nyingine. "Aliniuliza jambo moja mara nyingi. Kama mwanaume Mwacholi akinyamaza hivi, jioni yote, ana hasira ama ana furaha. Mimi nikamwambia, muulize mwenyewe."

"Hakuniuliza."

"Aliogopa utakasirika."

Kisu kilisimama mkononi mwa Okidi. Aliziona zile jioni zote, yeye na gazeti lake, Sumayiya na sinia lake la chai, na swali moja dogo limekaa katikati yao kwa miaka bila mtu wa kulitoa. Naye angeweza kumuuliza mkewe anawaza nini. Haingemgharimu kitu.

"Nilikuwa na furaha," alisema, ingawa aliyepaswa kulisikia jibu hilo alikuwa amelala Bombo. Ndipo alipouelewa ule msemo aliousikia tangu utotoni bila kuujali, kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo.