Doti ya Ua Linalotetemeka

Sogeeni, jamani, niwape fundo; kulifungua ni kazi yenu.

Katika karakana moja ya kubuni kanga, huko Tanga, walikuwapo wabunifu watatu. Bi Rukia alijaliwa mkono: akichora ua, ungetamani kulinusa. Mwanahawa alijaliwa maneno; ndiye aliyetunga majina ya kanga, yale maneno yanayoandikwa juu yake. Shekue, kijana wa kompyuta, alijaliwa subira, lakini wenzake walimtania: "Wewe huchori, inachora mashine." Alicheka nao, ila ilimuuma.

Ada ya pale ilikuwa hii: doti ya kwanza ya kanga mpya haikatwi. Hupewa mbunifu wake, mtu mmoja tu. Shekue hakuwahi kupewa.

Kiharusi kikampata Bi Rukia. Akiwa kitandani, mkono ukitetemeka, alichora ua lake la mwisho. Mistari ilikwenda mrama.

Shekue akaliingiza ua lile kwenye kompyuta, akainyoosha mistari yote, akampelekea mbio. Bi Rukia akalia.

"Huyu ni mimi wa zamani, mwanangu. Nirudishie mtetemeko wangu."

Shekue akafuta kazi yake yote, akaanza upya. Akaipunguzia mashine nguvu ya kunyoosha kidogo kidogo, mpaka ua likatetemeka bila kuvunjika. Akalieneza katikati ya kanga, kwenye mji wake, na kwenye pindo.

Mwanahawa naye alikaa kando ya kitanda, akiusikiliza ulimi uliokwisha kuwa mzito. Hakuchoka kuuliza, "Umesemaje, shoga yangu?" Katika maneno yale ya vipande vipande akapata jina: MKONO UMECHOKA MOYO UNGALI WAPENDA.

Kanga ilipotoka kiwandani, Bi Rukia alikuwa amezikwa jana yake. Hakuiona. Inauma hadi leo.

Matangani, msimamizi wa karakana, Bwana Hafidh, aliketi na doti mapajani, asijue ampe nani.

"Ua ni la mama," alisema binti wa marehemu. "Nipeni mimi nimlilie nalo."

"Kanga bila jina ni kitambaa tu," alisema Mwanahawa. "Na jina hilo nimelitoa kinywani mwake."

Mwishowe Shekue akasema, "Mtetemeko wake aliniomba mimi."

Mtu akanong'ona kwamba ikatwe. Lakini doti ni vipande viwili, na waliokuwa wakiililia ni watatu.

Basi, msikilizaji wangu, Bwana Hafidh anakutazama wewe. Je, ungempa nani?