Hodi Katika Jumba la Bi Raihani

Enzi za Sultani Ghalibu bin Mundhiri, mtawala wa mji wa Zahari, mtu mwenye hazina kubwa na subira haba, palikuwa na jumba ambalo binti yake, Bi Raihani, alilirithi kwa marehemu mama yake, na kila mnunuzi aliyeingia humo alitupwa nje miguu juu, kwani ndani alikaa jini.

Sultani akatangaza kwamba atakayeliuza atamwoa Bi Raihani, mwenyewe akiridhia, na atakayeshindwa atahama mji. Akajitokeza Mwinyikai, dalali wa nyumba, ambaye alimpenda Bi Raihani tangu walipobishania bei ya bustani mpaka wote wawili wakacheka. Madalali wenzake walimcheka kwa desturi yake moja: hata nyumba iwe tupu, haingii bila kupiga hodi.

Basi akasimama mlangoni, akaita, “Hodi, wenyewe.”

“Karibu,” ikajibu sauti nzito, na jini akatokea, kichwa kikigusa boriti na machozi yakimlengalenga. “Miaka yote watu wanaingia humu kama zizini mwa mbuzi. Una haja gani, mwanangu?”

“Bwana wangu, nimekuja kuiuza nyumba hii, na nikishindwa nitamkosa nimpendaye. Lakini sikuona vyema kuiuza bila kukwambia.”

“Na mimi siuziwi?”

Hilo Mwinyikai hakuwa amelifikiria. Akamtembeza jini vyumba vyote kama mnunuzi yeyote, akamsifia kisima na baraza, wala hakumficha kwamba paa linavuja.

“Nalijua,” jini akasema, “linanidondokea mimi.”

Wakapatana kwa mitungi ya lulu, na Mwinyikai akaipeleka kwa Sultani.

“Mnunuzi ni nani?” Sultani akauliza.

“Ni yule yule aliyekuwa akiwatupa watu nje, maulana. Sasa atawatupa kwa haki.”

Nyuma ya pazia Bi Raihani akacheka na kusema, “Baba, nimeridhia.”

Wakaoana, na jini, aliyechoshwa na upweke, akawapa ghorofa ya juu wakae naye, kwa sharti kwamba kila aingiaye apige hodi.

Siku Sultani alipokwenda kuwatembelea, akaingia moja kwa moja kama ilivyo kawaida ya masultani, na mara akajikuta uani, ameketi ndani ya birika kubwa la maji, na kilemba kikielea kando yake. Akainuka akichuruzika maji, akatoka hadi barabarani, akageuka.

“Hodi,” akasema kwa upole.

“Karibu, maulana,” jini akamjibu. “Kahawa iko tayari.”

Nanyi mnaonisikiliza, heshima haimpunguzii mtu kitu, na Mwinyikai ilimpa mke, makao na jirani mwema.