Chungu cha Miswaki

Leo sikutaka kusimulia. Nina choroko za kuchambua. Lakini Mwatumu ameutia mswaki wake kwenye kopo ungali unachuruzika maji, akaufunika, kisha ananiuliza kelele zangu ni za nini. Haya, kaeni. Shule mmesoma ninyi, mimi sikufika mbali, ila hili nalijua.

Zamani hizo kuku alikuwa na meno. Meno hasa, ya kuvunjia mahindi makavu. Mbuzi naye alikuwa nayo juu na chini. Kila mmoja alikuwa na mswaki wake wa kijiti, uliotafunwa ncha mpaka ukatoka nyuzi. Mende alikuwa mweupe pe, akitembea ukutani mchana bila kumwogopa mtu, na ndiye aliyepewa kazi ya kuitunza miswaki hiyo. Kazi yenyewe haikumtoa mtu jasho: aisuuze, aisimamishe ncha juu, isigusane huu na huu, penye upepo, mpaka ikauke.

Siku ya nne mende akachoka. Akatafuta chungu, akaitumbukiza yote na maji yake, ikalaliana kama kuni, akafunika kwa kawa. Wenzake wakamsifu kwa akili. Kilichofunikwa, walisema, hakiingii vumbi. Hata uozo hufunikwa, lakini nani angewaambia? Hawakujua kwamba wakigeuka tu, mende hujipenyeza ndani akalamba mabaki ya chakula yaliyonasa kwenye nyuzi. Kwake kile kilikuwa chungu cha kitoweo. Alfajiri akiifuta juujuu, akawagawia gizani.

Haukupita muda fizi za kuku zikavimba. Jino likatoka, jingine likafuata. Mbuzi akapoteza yote ya mbele ya juu, akaona haya, akasingizia miba. Kuku aliposaliwa na jino moja alimwendea mende, mbuzi nyuma yake, akamwuliza anaitunzaje miswaki. Mende hata hakumtazama.

"Uzee huo, mama. Umekula mengi."

Na kuku alikuwa hajataga hata yai lake la kwanza.

Akaisukuma ile kawa kwa mguu. Harufu iliyotoka ilimrudisha mbuzi nyuma hatua tatu. Miswaki imeota ukungu, nyuzi zimeshikana kwa utelezi, wa huyu umelalia wa yule, na mavi ya mende yametapakaa juu yake. Kuku alipofungua mdomo aseme, lile jino la mwisho likadondokea humo humo.

Mbuzi akamkamata mende, akamchovya ndani ya maji yale ya chungu mpaka akageuka kahawia. Kisha akachomoa nyuzi mbili ndefu kwenye mswaki wake uliooza, akambandika usoni. Akamwambia azisafishe hizo mpaka zitakate.

Kuku alitaka meno yake.

"Sina meno ya kukulipa," mende akasema.

"Mwili unao."

Ndiyo maana mswaki kwangu husimama ncha juu, peke yake, mbali na choo, na ukichakaa hutupwa. Mende mchungulieni akijidhani hana wa kumwona: hupitisha sharubu moja kinywani, kisha ya pili, akaanza upya, na hazitakati. Na kuku akimkuta mahali, hummeza mzimamzima. Atafune na nini?