Kichwa Kilichobandikwa Dirishani

Palikuwa na mzee mmoja, ndugu zangu, aliyemchoka mkewe. Mama yule alikuwa ameunguza maharage mara mbili na kuacha mlango wazi usiku, basi mzee akaamua: huyu amekwisha, aende akakae kwa binti yetu mjini, na funguo za nyumba nizishike mimi.

Akampeleka hospitali apigwe picha ya kichwa. Kwa majivuno yake akamwambia daktari, "Nipigeni na mimi, mwone kichwa kizima kinavyokuwa."

Daktari akawapa bahasha mbili. "Umri ukienda ubongo husinyaa," akasema, "na zile nafasi zenye maji katikati hupanuka. Nyote wawili ni uzee tu, si ugonjwa." Mzee alisikia neno moja tu: husinyaa.

Nyumbani akaziinua picha dirishani, jua linazama. Moja ilimtisha. Ubongo ulikuwa umejitenga na mfupa, mifereji yake imepanuka kama nyufa za shamba wakati wa kiangazi, na katikati palikuwa na vyumba viwili vyeusi. Alihisi kuna kitu humo kinamtazama. Nywele zikamsisimka. Mnadhani alisoma jina? Thubutu! Alisema moyoni, hii mbaya ndiyo ya mke wangu.

Siku ya kikao cha ukoo alichokiita, akaibandika picha ile dirishani. "Jioneeni wenyewe. Humu ndani hamna mtu."

Binti yao akafunika macho.

Mama akainuka polepole, akaikaribia picha. Akaweka kidole penye mfupa wa paji, mahali palipobonyea. Halafu akageuka, na kidole kile kile akakiweka kwenye paji la mumewe, juu ya kovu. Kikaingia sawasawa.

"Hapa ndipo nilipokufunga jeraha kwa khanga yangu," akasema, "siku ulipoanguka ukiezeka nyumba hii. Umesahau, Baba Salome?"

Alikuwa amesahau. Akavitazama vile vyumba viwili vyeusi, na kile kilichomtazama jioni ile kilikuwa bado kinamtazama.

Haya, na sisi je? Tukiona ubovu, mbona hatuulizi ni wa nani? Mbona tunajua papo hapo kuwa ni wa mwenzetu? Wewe uliyekaa hapo, funguo za nani unazitamani? Kabla hujaita kikao, nenda nyumbani ukapapase paji lako. Na kama huoni kovu, muulize aliyekufunga.